Kurekodi video kwenye rekoda ya nje: kuanzia tundu la HDMI hadi faili la ProRes

Rekoda ya nje haiipambi picha. Inapokea kile ambacho kamera imekitoa kwenye tundu la HDMI na kukihifadhi bila kukibana sana. Ndoo haigeuzi maji ya bomba kuwa matamu. Inakinga tu yaliyotoka. Ukilishika hilo, nusu ya mipangilio itajipanga yenyewe: unauliza kwanza kamera inatoa nini, kisha kazi inadai nini, halafu disiki yako inabeba kiasi gani. Wengi huenda kinyumenyume. Wananunua rekoda, wanachagua namba kubwa kuliko zote kwenye menyu, na disiki inajaa bibi harusi hata hajaingia ukumbini.

Ninachoeleza hapa kinamhusu mwenye kamera ya mirrorless na rekoda ndogo ya inchi 5 yenye skrini, kama Ninja V ya Atomos au Video Assist 12G ya Blackmagic Design. Majina ya menyu hutofautiana, lakini mpangilio wa kazi ni uleule.

Je, unaihitaji kweli?

Jibu liko kwenye jedwali la sifa za kamera yako. Tafuta mistari miwili: kamera inarekodi nini kwenye kadi yake, na inatoa nini kupitia HDMI. Mistari hiyo ikitofautiana, rekoda ina kazi ya kufanya.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Sony A7S ya mwaka 2014. Kamera ile haikuweza kabisa kurekodi 4K kwenye kadi yake. Ukiitaka 4K ilibidi uunganishe rekoda. Nikon Z6 ya 2018 hurekodi biti 8 ndani, lakini kupitia HDMI hutoa biti 10 (biti na namba kama 4:2:2 nitazieleza mbele kidogo) pamoja na N-Log, yaani picha iliyopauka inayohifadhi mwanga na giza kwa pamoja. Canon EOS R nayo inatoa biti 10 za 4:2:2 kwa HDMI, ilhali 4K ya ndani ni biti 8. Sony a7 III ni ya namna nyingine: ndani ni biti 8 za 4:2:0 kwa megabiti 100 kwa sekunde, na nje ni biti 8 vilevile, ila 4:2:2. Faida ipo, lakini ni ndogo kuliko wauzaji wanavyodai.

Panasonic GH5 inarekodi biti 10 za 4:2:2 ndani yake kwa 4K ya fremu 25. Mwenye kamera hiyo hanunui rekoda kwa ajili ya rangi. Anainunua kwa sababu ya skrini kubwa yenye mwanga wa kuonekana juani, nakala ya pili ya kazi, na faili ambalo kompyuta inalicheza bila kukwama. Sababu hiyo ya mwisho haisemwi sana, nami naiona ndiyo nzito kuliko zote. Video ya H.264 kutoka kwenye kadi huhifadhi fremu chache kamili na kuzijenga nyingine kwa kukokotoa tofauti, hivyo kompyuta ya kawaida huhema wakati wa kuhariri. ProRes, aina ya faili ambayo rekoda huandika, huhifadhi kila fremu peke yake. Faili ni kubwa, lakini linakwenda laini hata kwenye laptopu yenye umri.

Biti 10 na 4:2:2 kwa maneno machache

Biti 8 zina viwango 256 kwa kila rangi ya msingi. Biti 10 zina 1,024. Tofauti huioni usoni mwa mtu aliyemulikwa vizuri. Utaiona kwenye anga la jioni au ukuta mweupe unaofifia kuelekea gizani, hasa baada ya kuvuta rangi wakati wa kuhariri: biti 8 huanza kuonyesha mistari badala ya mteremko laini.

4:2:2 na 4:2:0 ni suala la taarifa za rangi. Katika 4:2:0, pikseli nne za mraba hugawana taarifa moja ya rangi; katika 4:2:2, pikseli mbili ndizo hugawana. Kama unapiga mbele ya kitambaa cha kijani ili ubadilishe mandhari, kingo za nywele zitakuonyesha tofauti mara moja. Kama unapiga hotuba na kuipeleka YouTube, hakuna atakayeijua.

Na hapa ndipo pesa hupotea: kurekodi ishara ya biti 8 ndani ya faili la biti 10 hakuongezi kiwango hata kimoja. Rekoda itaandika ProRes 422 HQ, kompyuta itasoma biti 10, lakini viwango vilivyomo vitabaki vile 256 vilivyotoka kwenye kamera.

Waya, disiki na betri

Anza na waya, maana ndio huharibu kazi nyingi. Angalia tundu la kamera: GH5 na Sony a7S III zina HDMI kubwa ya kawaida, Nikon Z6 na EOS R zina HDMI mini, a7 III na Fujifilm X-T3 zina HDMI micro. Ile micro ni dhaifu. Ikivutwa upande mara chache hulegea, na kubadilisha tundu ni gharama ya fundi. Nunua kishikio cha waya kinachofungwa kwenye kamera au keji (fremu ya chuma inayoizunguka kamera), na tumia waya mfupi, sentimita 30 hadi 50. Kwa 4K ya fremu 50 au 60 unahitaji waya unaobeba HDMI 2.0, yaani gigabiti 18 kwa sekunde. Waya dhaifu haukupi picha mbaya kidogo. Unakupa picha inayokatika na kurudi, na kila ikikatika rekoda huacha kurekodi. Beba waya wa pili. Huo si ushauri wa ziada.

Disiki ndipo penye hesabu. Ninja V hutumia SSD za SATA zinazochomekwa nyuma. Video Assist 12G huandika kwenye kadi za SD za kasi au kwenye SSD ya nje kupitia USB-C. Kwa SSD, angalia kasi yake ya kuandika mfululizo, si ile ya kilele iliyochapwa kwenye boksi. SSD nyingi za bei rahisi huwa na sehemu ndogo yenye kasi. Ikijaa, kasi huporomoka, na hapo rekoda huanza kuruka fremu. Ndiyo maana watengenezaji wa rekoda hutoa orodha ya disiki walizozipima. Itafute kabla ya kununua.

Kwa kadi, alama ya V ina maana ya kasi ya chini inayohakikishwa: V30 ni megabaiti 30 kwa sekunde, V60 ni 60, V90 ni 90. Ishike hiyo, tutairudia.

Betri za Ninja V ni zile za mtindo wa NP-F. Rekoda hii hula kati ya wati 10 na 22 kulingana na mwanga wa skrini na kazi inayofanya, na betri kubwa ya NP-F970 ina takriban wati-saa 47. Piga hesabu: saa mbili ukiitesa, saa nne na kidogo ukiibembeleza. Ukipunguza mwanga wa skrini unapokuwa ndani ya ukumbi unaokoa betri bila kupoteza kitu. Hata kama ukumbi una soketi, acha betri iwe nyuma ya rekoda, kwa sababu umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, rekoda iliyozimika katikati ya kurekodi huacha faili ambalo halijafungwa. Rekoda nyingine hujaribu kulirekebisha faili hilo zikiwashwa tena na disiki ileile ikiwa ndani, kwa hiyo likikutokea usichomoe disiki kwanza.

Kuiandaa kamera

Fanya haya kwa mpangilio huu, ukiwa nyumbani.

1. Zima vifaa vyote viwili, unganisha waya, washa rekoda, kisha kamera.

2. Chagua mfumo wa fremu 25, ule unaoandikwa PAL kwenye menyu nyingi. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, na taa za ukumbini hupepesa kwa mwendo huo. Ukipiga fremu 25 kwa shata ya 1/50, picha hutulia. Ukipiga fremu 30 kwa 1/60 kwa sababu tu ndivyo kamera ilivyokuja kutoka dukani, utaona mawimbi ya mwanga yakipanda na kushuka ukutani, na hayatoki kirahisi wakati wa kuhariri. Baadhi ya taa za LED za mapambo zina mwendo wake wenyewe. Kwa hizo jaribu shata hadi mawimbi yakome.

3. Weka ukubwa wa picha unaotoka kwenye HDMI. Usiache kwenye hali ya kujichagulia, kwa sababu kamera na rekoda zinaweza kukubaliana 1080 huku wewe ukidhani unarekodi 4K. Kwenye a7 III kuna kipengele cha pekee cha kuchagua kama 4K inakwenda kwenye kadi na HDMI pamoja, au HDMI tu.

4. Ondoa maandishi kwenye picha. Kwenye Sony, HDMI Info. Display iwe Off. Bila hivyo utarekodi alama ya betri, namba za ISO na kijisanduku cha fokasi juu ya uso wa bwana harusi. Kamera kadhaa za zamani hazikuwa na uwezo huu; Canon 5D Mark III, kwa mfano, iliupata Aprili 2013 kupitia sasisho la programu yake ya ndani.

5. Zima kujizima. Kamera inayodhani haitumiki italala, na ikilala HDMI nayo hulala. Kwenye Sony pandisha pia Auto Pwr OFF Temp hadi High, la sivyo joto la ukumbi litaizima mapema.

6. Amua kuhusu kianzishi, yaani kitufe cha kamera kuiamuru rekoda ianze. Kwenye Sony huwashwa kwa REC Control, na ili ishike lazima TC Output, yaani kutoa namba za muda kupitia HDMI, iwe imewashwa kwanza. Ni kitu kizuri kwa vipande vifupi. Kwa hotuba ndefu nakishauri kizimwe. Kamera nyingi za miaka ya nyuma zina kikomo cha dakika 29 na sekunde kadhaa kwenye kadi, urithi wa ushuru wa Umoja wa Ulaya uliotoza zaidi kamera zinazorekodi nusu saa na kuendelea. Ishara ya HDMI haina kikomo hicho. Lakini kianzishi kikiwa kimewashwa, kadi ikisimama dakika ya 29, kamera huituma amri ya kusimama, na rekoda hutii. Zima kianzishi, anzisha rekoda kwa kidole chako.

Kuna jambo moja la kamera za zamani: hutuma fremu 25 zikiwa zimefichwa ndani ya ishara ya 50i. Ukiona rekoda inaandika 1080i50 wakati wewe umeweka 25p, tafuta kwenye menyu ya rekoda kipengele cha PsF na ukiwashe. Usipofanya hivyo, kila kinachotembea kitakuwa na kingo za meno.

Kuchagua kodeki bila kujidanganya

Kodeki ni namna ya kubana video. Familia ya ProRes 422 ina ngazi nne zinazokuhusu: Proxy, LT, 422 na 422 HQ. Zote ni za biti 10 na za 4:2:2. Zinatofautiana kwa kiasi cha kubana tu. Hizi ndizo kasi zake kwa fremu 25, na nafasi zinayokula kwa saa moja:

4K ya 3840 × 2160
- HQ: megabiti 737 kwa sekunde, karibu gigabaiti 332 kwa saa
- 422: megabiti 492, karibu gigabaiti 221
- LT: megabiti 342, karibu gigabaiti 154

1080p
- HQ: megabiti 184, karibu gigabaiti 83
- 422: megabiti 122, karibu gigabaiti 55
- LT: megabiti 85, karibu gigabaiti 38

Kwa SSD ya gigabaiti 500, 4K ya HQ ni saa moja na nusu. 422 inakupa saa mbili na robo, LT zaidi ya saa tatu. Ukipanda hadi fremu 50, kila kitu huongezeka mara mbili.

Sasa rudi kwenye zile alama za kadi. 4K ya HQ kwa fremu 25 ni megabaiti 92 kwa sekunde, kwa hiyo imevuka kidogo kile ambacho V90 inahakikisha. 422 ni megabaiti 61 na nusu, imevuka kidogo V60. Kadi yako inaweza kufaulu, kwa kuwa nyingi hukimbia kuliko alama yake, lakini hakuna aliyekuahidi. Kwa kadi shuka ngazi moja, au tumia SSD.

Ningechagua hivi. Harusi, sherehe, ibada, mikutano: ProRes LT kwa 4K, au 422 kwa 1080p. Ukiziweka LT na HQ kando kwa kando kwenye runinga ya sebuleni hutazitofautisha, na mteja haletewi ProRes hata hivyo, analetewa MP4. Matangazo, video za muziki, kazi itakayovutwa sana rangi: 422 kwa 4K. HQ naiacha kwa kitambaa cha kijani na kwa mteja aliyeitaja kwenye mkataba. Kama kamera yako inatoa biti 8, HQ ni kulisha disiki tu.

1080p nayo isidharauliwe. Vituo vya televisheni vinavyotumia mfumo wa 50i vitaishusha 4K yako hata hivyo, na familia nyingi hutazama harusi kwenye simu. Kazi ya saa tisa inaingia yote kwenye SSD moja ya 500 kwa 1080p ya 422, bila kubadilisha disiki katikati ya kukata keki.

Kama unatumia DNxHR, kodeki nyingine iliyomo kwenye rekoda kadhaa, badala ya ProRes, kuna mtego. HQ na SQ za upande huo ni za biti 8. Kamera ikitoa biti 10 na wewe ukachagua HQ kwa kufananisha majina, umezitupa biti mbili mlangoni. Chagua HQX.

RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla haijageuzwa kuwa picha ya kawaida, ni mazungumzo mengine. ProRes RAW inahitaji kamera na rekoda zinazokubaliana, mara nyingine kwa sasisho la kulipia kama ilivyokuwa kwa Nikon Z6, na kwa miaka mingi programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve haikuisoma kabisa. Blackmagic RAW inasomwa na Resolve bila shida. Kabla ya kurekodi RAW ya aina yoyote, hakikisha programu utakayohariria inaifungua, kwa kipande cha sekunde kumi, si kwa maneno ya mtu.

Log na LUT

Ukiwa na biti 10, Log ina maana: inahifadhi mwanga wa dirishani na giza la pembeni kwa pamoja. Ukiwa na biti 8, S-Log3, yaani Log ya Sony, ni balaa kwa wengi. Viwango 256 havitoshi kuvutwa hivyo. Kwa biti 8 tumia wasifu wa kawaida au ule wa Cine wenye mkunjo wa wastani.

Picha ya Log ni ya kijivu iliyopauka, na ni rahisi kuipima vibaya. Ndiyo sababu rekoda ina LUT, jedwali la kugeuza rangi: unaonyeshwa rangi za kawaida kwenye skrini huku faili likibaki Log. Angalia kitu kimoja tu: LUT iwe ya kutazamia, isiingie kwenye rekodi. Menyu hutenganisha mambo hayo mawili na ni rahisi kugusa lisilo. Kupima mwanga, usiamini macho yako chini ya jua la saa saba; washa waveform (grafu ya mwanga wa picha) au rangi bandia (kila kiwango cha mwanga hupewa rangi yake) na uzisome.

Sauti

Sauti ya maikrofoni iliyochomekwa kwenye kamera husafiri ndani ya HDMI pamoja na picha. Washa chaneli zake kwenye rekoda, maana hazijiwashi zenyewe kila mara. Ukitoa waya wa sauti kutoka mikisa ya DJ kwenda moja kwa moja kwenye rekoda, picha huchelewa kidogo kwa sababu kamera inaichakata kabla ya kuitoa, na midomo haiendani na maneno. Rekoda nyingi zina kipengele cha kuchelewesha sauti kwa fremu. Piga kofi mbele ya lenzi, rekodi, tazama fremu kwa fremu, ongeza hadi kofi na mlio vikutane. Kofi hilo hilo litakusaidia kulinganisha faili la rekoda na la kadi baadaye.

Kabla ya kazi na baada yake

Futa disiki ndani ya rekoda, si kwenye kompyuta. Rekoda huiandaa kwa mfumo inaoutaka yenyewe. Rekodi dakika 20 mfululizo kwa mpangilio uleule utakaoutumia, feni ikilia na jua likiwaka, kisha lifungue faili kwenye kompyuta na usome sifa zake: ukubwa, fremu kwa sekunde, kodeki, chaneli za sauti. Washa onyo la fremu zilizoruka. Disiki mbovu hujitambulisha dakika ya 15, nadra dakika ya kwanza.

Kama kamera inaruhusu, rekodi kwenye kadi pia. Kadi ya H.264 ya megabiti 100 hula gigabaiti 45 kwa saa, bei ndogo kwa bima. Ukifika mahali pa kazi, gusa waya kwa kidole huku unatazama skrini. Picha ikitetereka, badilisha waya hapo hapo.

Wakati wa kunakili, kebo ya USB ndiyo huamua utalala saa ngapi. Gigabaiti 221 za saa moja ya 4K kupitia USB 2.0 huchukua zaidi ya saa moja na nusu. Kupitia USB 3 na SSD nzuri pande zote mbili, dakika kumi hivi. Nakili kwenye disiki mbili tofauti, fungua faili la mwanzo, la katikati na la mwisho katika kila moja, na mpaka hapo SSD ya rekoda isifutwe, hata kama kesho asubuhi kuna send-off.